Wanangu walinipangia matembezi ya kuzunguka bustani ya loji, nikawaambia napanda Vidunda

Wakuu, habari za jioni. Vijana, shikamoo zenu nazipokea hata kabla hamjazitoa, na kama humu kuna aliyenizidi umri, shikamoo mkubwa wangu.

Nasoma jukwaa hili miaka mingi. Kuchangia nachangia kwa nadra, na kila nikichangia mnaniita mkuu, kaka, braza. Leo mjue mnaongea na mwanamke wa miaka sitini na sita, fundi cherehani, mkazi wa Kimamba, wilaya ya Kilosa.

Majina ya watu nimebadilisha. Mengine yote yamenitokea hivi hivi mwezi wa saba, na wale mabingwa wa kuandika "chai", yaani uongo, kwenye kila uzi, leo wakanywe uji.

Kilichonitoa mafichoni ni uzi wa kijana mmoja wiki hii. Anataka kuwaleta wazazi wake wikendi huku Mikumi na Kilosa, akauliza wapi kuna matembezi yenye mandhari nzuri. Swali la maana kabisa.

Majibu yenu sasa.

Mmoja kasema wazee waachwe kwenye gari. Mwingine kasema tafuta hoteli yenye bustani wazunguke zunguke. Mwingine kasema wazee shida yao ni kula na kulala tu. Nikaweka simu chini. Nikaichukua tena. Nikasema hapana, hawa nitawajibu kwa uzi wao wenyewe.

Twende.

Wakati wa masika nilianguka bafuni. Sabuni, sakafu ya sementi, mguu ukaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilikaa pale chini nikalalamika kidogo, nikainuka, nikamaliza kuoga, nikaenda kushona. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna zaidi.

Lakini jirani yangu alisikia kishindo. Na jirani yangu ana namba ya mwanangu.

Watoto wangu ni wawili. Mkubwa ni Festo, anaishi Dar, Tabata. Mdogo ni Pendo, yuko Dodoma na mumewe, anaitwa Masanja, na wana mtoto mchanga. Baba yao alishatangulia. Mimi naishi peke yangu kwenye nyumba niliyoijenga na marehemu, tofali tulichoma wenyewe, karibu na reli ya zamani.

Jioni ile ile grupu la familia likawaka moto. Mama hawezi kukaa peke yake. Mama ana presha. Mama ana goti. Mama ahamie Tabata, chumba kipo, tena kina feni. Nyumba ya Kimamba ipangishwe. Cherehani apewe binti mmoja wa kwaya ya kanisani kwetu, atashukuru.

Wakuu, mimi nimo kwenye grupu hilo hilo. Nasoma. Wanagawa vitu vyangu kana kwamba wametoka kunizika.

Nikaandika: siendi.

Festo akanijibu kwa kikatuni cha kucheka machozi. Mtoto niliyemfuta kamasi kwa kanga yangu ananijibu kwa kikatuni.

Tukavutana hivyo mpaka mwezi wa saba, ndipo wakaja na habari ya mapumziko. "Family getaway," Festo aliandika. Wikendi nzima Mikumi, loji nzuri, familia pamoja, mjukuu nimbebe mpaka nichoke. Nilifurahi, sitadanganya. Niliwashonea na sare ya kitenge.

Halafu Pendo akatuma ratiba ya matembezi.

Ya kwangu mimi ilikuwa hivi. Asubuhi nizunguke bustani ya loji, kuna njia ya sementi na mabenchi. Jioni tuingie hifadhini na gari, tushuke kidogo pale kwenye bwawa la viboko, ninyooshe miguu, nirudi ndani ya gari. Kesho yake wao waende Udzungwa kupanda mpaka kwenye maporomoko ya maji.

Na mimi je?

"Mama atatusubiri getini, kuna viti."

Kuna viti! Yaani nitoke Kimamba, nivae vizuri, nikakae kwenye kiti cha plastiki getini nilinde mikoba ya watu walioenda kuona maporomoko.

Halafu Pendo akaponyokwa na neno kwenye simu. Akaniuliza kama nimeshafunga vitu vyangu vya kushonea. Nikamuuliza kwa nini nivifunge kwa safari ya wikendi. Akasema mtoto analia, akakata simu. Ndipo nikajua kwamba Jumatatu Festo hakuwa na mpango wa kunirudisha Kimamba. Gari ingenyoosha Dar na mimi ndani yake, nikiwa nimeshiba nyama choma, nimepiga picha, nimelainika.

Nilishinda siku nzima nimenuna. Hata mteja aliyekuja kupunguza sketi nilimjibu vibaya, nikamwomba radhi baadaye. Jioni nikaandika grupuni: "Matembezi nachagua mimi. Napanda Vidunda."

Kwa msiopajua. Ukitoka Mikumi mjini ukashika barabara ya Ifakara, unafika Kidodi. Miwa huku, miwa kule. Ukiinua macho unaona milima imesimama juu yako. Vidunda iko huko juu, na watu wake wanalima maharage, ndizi na mahindi kwenye miteremko ambayo mimi nikiitazama tu goti linanikumbusha kwamba lipo.

Mtaniuliza kwa nini Vidunda. Sina ndugu aliyezikwa huko. Sina nadhiri. Tangu nikiwa msichana, nikipita na basi kwenda Ifakara, naitazama ile milima nasema siku moja nitafika. Nikaolewa, tukapita na marehemu, naye akasema siku moja tutafika. Basi, nataka kwenda kwa sababu nataka. Mtu akivuka sitini hana ruhusa ya kutaka kitu mpaka kiwe ni ushauri wa daktari?

Na msidhani sijui njia nyepesi. Kijana mwenye ule uzi, chukua hizi bure. Kama wazazi wako wanataka tambarare, wapeleke Kilangali asubuhi na mapema wapite kwenye kingo za majaruba ya mpunga, ndege ni wengi na upepo mzuri. Kama wanapenda kivuli, Kilosa kuna njia za kando ya mto Mkondoa, waende kiangazi, maana masika ule mto hauna utani. Kama wanapenda kukumbuka mambo, waje Kimamba wapite katikati ya mashamba ya zamani ya mkonge. Hizo zote nazitembea mara kwa mara, nyingine nikiwa na mzigo wa vitambaa kichwani. Ila ndani ya hifadhi ya Mikumi usishuke garini ukaanza kutembea ovyo, simba hajui kwamba wewe uko likizo.

Nazijua zote. Nilitaka Vidunda.

Grupu likawaka upya. Pendo akanipigia analia. Festo akasema basi nipande bodaboda, zinafika. Nikamwambia bodaboda ni usafiri, hapa tunaongelea matembezi.

Mwishowe Festo akaandika masharti. Nipande kwa miguu yangu na nishuke kwa miguu yangu. Nisianguke, nisibebwe. Nikiweza, habari ya Tabata imekwisha. Nikishindwa, Jumatatu naondoka naye bila maneno.

Nikaandika: "Nimekubali." Nilikubali haraka mno. Hapo nitarudi.

Festo akasema lazima awepo refa, maana mama akirudi atatupiga fiksi. Yeye mwenyewe hawezi mlima, tumbo lake limeshapata cheo. Pendo ana mtoto wa kunyonyesha. Refa akateuliwa Masanja, mkwe wangu.

Hapa lazima niwaeleze kitu.

Baba yangu alikuwa Mnyamwezi, alikuja huku kukata mkonge akabaki. Masanja ni Msukuma, kwao ni wafugaji, walihamia na ng'ombe wao huku huku kwenye uwanda wa Kilosa. Kwa watu hawa, mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja. Hawashikani mikono. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mkwe anatoka njiani anageuka pembeni mpaka mama apite.

Marehemu mume wangu alikuwa Mkaguru, haya mambo aliyakuta kwetu, lakini aliyashika kuliko hata sisi. Akimwona mama yangu anakuja mbele, anaruka kutoka kwenye baiskeli, yeye yuko mtaroni na baiskeli inaendelea na safari. Siku moja ilikuwa imebeba trei ya mayai. Mama yangu alipita zake kama hajaona kitu, na nyumbani tukala mayai siku nzima.

Masanja ndivyo alivyo. Tangu amuoe Pendo ananisalimia akiwa nyuma ya ukuta: "Shikamoo mama." Naitikia marahaba kwa ukuta. Akitaka kuniambia jambo anamwambia mtu mwingine, na mimi nikiwepo nasikia. Sijawahi kumwona akitafuna. Nami naipenda hii mila. Mtu anayekuheshimu hivyo hawezi kukupandishia sauti.

Festo kakulia Kimamba lakini Dar imeshamla. Akasema mambo ya kizamani hayo, Masanja ndiye mwenye mapafu, ataenda. Katika watu wote wa dunia hii, akamteua kunitazama mtu pekee ambaye haruhusiwi kunitazama.

Mimi nikaendelea na chai yangu.

Wikendi ikafika. Pendo na Masanja na mtoto walishukia Kilosa na treni ya umeme, Festo akatuchukua sote na gari mpaka Mikumi. Loji nzuri kweli. Bustani yao niliipita mara moja, nikienda chooni.

Siku ya mlima Festo alitupeleka Kidodi asubuhi baridi bado ipo. Tulianza kwa kuripoti ofisi ya kijiji, na ninyi mkija fanyeni hivyo, msijiingilie tu milimani kwa watu. Pale tukampata dada mmoja wa Vidunda, nimwite Zaituni, aliyeshusha maharage sokoni na sasa anarudi kwake. Akasema tuongozane.

Viatu? Nilivaa raba alizoninunulia Pendo. Mimi ni mkaidi, siyo mjinga.

Zaituni mbele, mimi katikati, Masanja nyuma kabisa. Nyuma kiasi kwamba Zaituni akaniuliza kwa sauti ndogo kama namfahamu yule mwanaume anayetufuata. Nikamwambia ni mkwe. Akacheka, akasema hata kwao wakwe wana adabu zao, ila huyu kapitiliza.

Kwanza miwa na mihogo, njia pana. Kisha ikaanza kupanda na kuwa nyembamba, upande mmoja mgomba, upande mwingine bonde.

Mazungumzo yetu yalikuwa kituko. Masanja anapaza sauti kutoka chini: "Dada, mwambie mama apumzike, hapo mbele ni pakali." Namsikia vizuri tu. Nami namwambia Zaituni amjibu sijachoka. Naye anasikia vizuri tu. Zaituni alivumilia hivyo mpaka akachoka, akatuambia mngepigiana simu.

Nilikuwa na raha, jamani. Magoti yanalia lakini roho inaimba. Kila tukipinda kona Kidodi inazidi kuwa ndogo. Akina mama wanashuka na ndizi kichwani wananiamkia shikamoo, mimi naitikia marahaba huku nimeficha kuhema, na nikishapishana nao ndipo nahema vizuri.

Halafu mwili ukanigeuka.

Zaituni alikuwa ametangulia, amepotea kwenye kona, maana hatua zake ni za mtu wa kwao. Nilikuwa katikati ya kipande kikali, jua limeshapanda. Masikio yakaziba. Mlima ukaanza kuzunguka taratibu. Nikatafuta mti wa kushika, mti haupo. Nikapiga magoti, kisha nikakaa vibaya, mkono mmoja kwenye udongo.

Niliogopa. Nawaambia ukweli wangu wote. Niliogopa kufa, na pale pale niliogopa zaidi kwamba Masanja anakuja kunibeba. Akinigusa tu, yamekwisha. Nyumba imekwenda, cherehani imekwenda, mimi na feni yangu Tabata.

Nikasikia hatua zake chini yangu zinakuja mbio. Kisha zikasimama.



Baadaye nikasikia majani yanavunjika pembeni. Masanja alikuwa ametoka njiani, anapanda kupitia kwenye shamba la maharage la watu, ananizunguka kwa mbali. Akatokea juu yangu. Nilichoona ni mgongo wake tu, maana alikuwa anatembea kinyumenyume kuja kwangu. Akaweka juu ya jiwe chupa ya maji na kipande cha muwa kilichomenywa. Akaondoka hivyo hivyo bila kugeuka, akazunguka tena shambani, akarudi chini alikokuwa.

Nikajikokota mpaka kwenye jiwe. Nikanywa. Nikatafuna muwa.

Akakohoa.

Nikaelewa. Nami nikakohoa.

Baada ya muda akakohoa tena, nikakohoa tena. Tulikaa hivyo, yeye kule chini kanipa mgongo, mimi hapa juu natafuna muwa na machozi yananitoka, tunakohoana kama wagonjwa wa kifua. Pendo alikuja kuniambia kwamba mumewe alishaamua: mama asingekohoa hata mara moja, mila ingesubiri.

Kizunguzungu kikaisha. Nikasimama. Nikajipangusa udongo, nikafunga kanga upya, nikaendelea. Zaituni nilimkuta mbele ananisubiri, akaniuliza mbona nimechelewa. Nikamwambia nilikuwa natazama mandhari.

Tukafika.

Wakuu, Vidunda sina maneno yake. Baridi safi. Nyumba zimekaa kwenye migongo ya milima, moshi wa jikoni unapanda wima. Ukigeuka nyuma unaona miwa yote imekuwa kama zulia, mto unang'aa huko mbali, na barabara ya Ifakara niliyokuwa napita na basi nikitazama juu, sasa mimi ndiye natazama chini. Nikalia tena, wala sikuona aibu. Nilimkumbuka marehemu. Nikasema mwenzangu, nimefika.

Nyumbani kwa Zaituni tulipewa magimbi na maharage. Mimi nilikula barazani, Masanja akala nyuma ya nyumba. Tukapumzika sana, tukaanza kushuka. Kushuka ndiko kubaya kwa goti, niliazima fimbo, nikashuka polepole mpaka chini. Festo alikuwa kando ya gari anatupiga picha, uso wake unashangaa.

Jioni tukakaa kwenye kibaraza cha loji. Festo, Pendo na mtoto, na mimi. Masanja alisimama pembeni nyuma ya nguzo, macho yake kwenye sakafu.

Festo akaanza kwa utani, lakini namfahamu mwanangu, hakuwa anatania.

"Shemeji, refa ni wewe. Mama alianguka, hakuanguka?"

Masanja akasema, "Shemeji, umenituma kumtazama mama mkwe wangu. Mimi simtazami. Nilikuwa nyuma na uso nimegeuza. Sikuona kitu."

"Hukuona kitu gani?"

"Sikuona."

Festo akamgeukia Pendo. Pendo akainamia mtoto, nikaona anatabasamu. Festo akahema, akainua mikono. Nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza na kuomba sukari ya chai yangu.

Na hapo ndipo hasira ikanipanda, na siyo kwa Festo. Nilijiona nimekaa pale nasubiri matokeo kama mtoto wa darasa la saba. Kijana wa watu anasema asiyoyataka ili mimi nirudi kwenye nyumba yangu. Yangu! Nikaona nikinyamaza, nitakuwa naishi kwangu kwa sababu nimefichiwa siri, na siku nyingine nikiteleza nitaanza kuangalia kama jirani amesikia.

Nikasema, "Nilianguka."

Wote wakanigeukia, isipokuwa Masanja.

"Nilishikwa na kizunguzungu nikapiga magoti, nikakaa chini mpaka kikaisha. Masanja aliniwekea maji akanipa mgongo, nikasimama mwenyewe. Kwa masharti yako, Festo, nimeshindwa. Na Dar siendi."

Festo akasema, "Mama, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana vibaya. Nyumba ni yangu, nikakubali kuishindania na wewe kana kwamba ni kombe. Hilo ndilo kosa nililofanya. Kuanguka siyo kosa."

Pendo akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, siyo cha kunibembeleza. Akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo lilikuwa ndani ya kelele zao zote tangu masika. "Na siku ukianguka mama, uko peke yako, usiinuke?"

Nilimvuta karibu. Sikumkasirikia. Swali lile nami najiuliza kila nikizima taa.

"Siku hiyo ipo, Pendo. Hata Tabata ipo. Mimi nikishindwa kuinuka, nataka nishindwe nikiwa kwangu."

Mtoto akaamka akataka kunyonya, tukaachana hapo, kila mtu akaenda chumbani kwake.

Jumatatu, Pendo na mumewe wakiwa wameshaondoka na basi la alfajiri, Festo alibeba begi langu mpaka kwenye gari. Tukafika njia panda ya Mikumi mjini. Ukinyoosha ni Morogoro na Dar. Ukikata kushoto ni Kilosa.

Akasimamisha gari kando ya barabara. Akashika usukani, anatazama mbele. Sikumwomba. Sikumshukuru. Nilitazama dirishani akina mama wanaouza vitunguu, nikangoja.

Kisha akaniuliza, bila kugeuka, "Mama, nyumbani kuna mchele, au tununue hapa hapa?"

Nikamwambia mchele upo, anunue vitunguu.

Akanunua, akakata kushoto.

Sasa wakuu, niliyoyapata ni haya. Mnaowapangia wazazi likizo, kabla hujachagua njia muulize mzee wako ni wapi amekuwa akitaka kufika. Anaweza kusema bustanini, mpeleke bustanini. Anaweza kusema mlimani, mtafutie viatu na maji na mtu wa kuongozana naye, umwache apande. Akikaa chini njiani, usimkimbilie na jeneza.

Na wazazi wenzangu mliomo humu mnasoma kimyakimya mkiitwa mkuu na braza: kilicho chako usikubali kukifanyia mtihani. Mimi nilikubali, na ilibaki kidogo nifaulu.

Uwanja ni wenu. Wenye wakwe wa Kisukuma njooni mtupe vituko vyenu. Mliopanda Vidunda semeni mlipumzikia wapi. Mnaotaka kuniambia nina kichwa kigumu niambieni, nimeshazoea, na wanaodhani Festo alikuwa sahihi nao waje na hoja zao, nitawasoma wote.

Ila atakayeniandikia "pole bibi" simjibu.